Kilio cha Mama Amon

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hosiana alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akaanika kakao kwenye jamvi nyuma ya nyumba yao ya Bondeni, mjini Kyela. Kazi hizo hakuzifanya akiwa Hosiana. Alipofagia alikuwa mwenyekiti wa mtaa anayesimamia usafi. Alipogeuza kakao alikuwa mnunuzi mjanja anayeinusa na kukunja pua ili apunguziwe bei. Mama yake, Stella, muuza mchele wa soko la Mbugani, alikuwa akicheka mpaka anashindwa kufunga kanga.

"Siku mwenyekiti akikukuta, mimi nitasema sikujui," alimtania.

Hosiana alikuwa na miaka kumi na minne na alishajua anachokitaka. Alitaka kuishi kwa kazi ya kuigiza jukwaani. Mwalimu Gwamaka, aliyeongoza kikundi cha maigizo cha shule yao, hakuyacheka maneno hayo. Alimwambia kwamba mwezi wa saba angekuja mwigizaji kutoka Mbeya, Bi Naomi, kutafuta vijana wawili wa kufundishwa na kikundi chake kila likizo. Tangu asikie habari hiyo, Hosiana hakuwaza jambo jingine.

Igizo lao lilihusu maji yasiyochemshwa. Ipyana aliigiza baba, na Hosiana aliigiza mama anayefiwa na mtoto. Shida ilikuwa kile kilio.

"Unalia kama mtu aliyeunguzwa na uji," Mwalimu Gwamaka alimwambia. "Huyu mama amefiwa, Hosiana."

Mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zimefurisha mashamba, kulitokea msiba Talatala. Mtoto wa miaka sita, Amon, alikuwa amefariki kwa kuhara. Stella alijitwika mchele na Hosiana akabeba ndizi, maana kwao mtu haendi msibani mikono mitupu. Walikuta wanawake wameketi mikekani, wamemzunguka mama wa mtoto, Keziya.

Keziya hakupiga kelele. Alijipigapiga goti kwa kiganja na kusema taratibu, "Amon, maji yamechemka. Njoo mwanangu, maji yamechemka sasa."

Kina mama walilia. Hosiana naye alilia, lakini huku akilia macho yake yalikuwa yakilishika lile goti, kile kiganja na midomo ile. Hapo ndipo kosa lake lilipoanzia, na hakuna aliyeliona.

Mwishoni mwa mwezi wa tano kikundi kiliigiza uwanjani Bondeni, siku ya gulio. Watu walijaa. Zamu ya kilio ilipofika, Hosiana aliketi chini, akajipigapiga goti na kuyasema maneno yale yale. Uwanja mzima ukanyamaza. Angeishia hapo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini mtoto mmoja alicheka, wenzake wakamfuata, na Hosiana, ambaye tangu utotoni alileweshwa na vicheko vya watu, akaongeza. Alilipiga goti kwa nguvu, akaivuta sauti, akakodoa macho. Watu waliangua vicheko na kumshangilia.

Ndipo alipomwona Keziya. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, na tenga la ndizi alizozileta gulioni likiwa miguuni pake. Aliinama, akajitwika tenga lake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

"Leo umewamaliza," Ipyana alimwambia walipokuwa wakivua mavazi ya igizo. "Kilio kile ulikitoa wapi?"

Hosiana alijifanya hakusikia.

Tangu siku hiyo, kuigiza kulimtoka moyoni. Kila aliponyanyua mkono mazoezini aliuona mgongo wa Keziya ukienda zake. Badala ya kusema kweli, alisingizia koo. Mwalimu Gwamaka akamletea asali. Mama yake akamchemshia tangawizi, na alipoona hapati nafuu akampeleka zahanati. Mganga alilimulika koo kwa tochi, akatikisa kichwa.

"Koo hili ni zima kuliko langu," alisema.

Wiki ile ile Hosiana alimwendea mwalimu wake na kumwambia kwamba anaacha maigizo. Mwalimu alimwambia afikiri kwanza mpaka Jumatatu. Jioni, wakiwa jikoni wanachambua mchele, Stella aliuweka ungo chini.

"Kakao unaigeuza kimya, uwanja unaufagia kimya. Mwanangu hayumo humu ndani. Niambie amekwenda wapi."

Hosiana alisema yote. Alisema juu ya goti, maneno, vicheko, na tenga la ndizi. Mama yake hakumkaripia.

"Anayoyasema mfiwa mkekani, sisi tunayaacha mkekani," alisema mwishowe. "Sikuwahi kukuambia, nikidhani unajua. Hapo nami nimekosa. Na koo?"

"Nilidanganya, mama."

"Basi kesho tunakwenda Talatala. Na maneno utayasema mwenyewe. Mimi nitabeba ndizi tu."

Walimkuta Keziya shambani, akivuna mpunga. Hosiana alipiga magoti kwenye mabua. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alieleza kosa lake bila kulipunguza. Keziya aliendelea kukata mpunga mpaka akafika mwisho wa mstari. Kisha akasimama na kujifuta uso.

"Kuniiga hakukuniuma," alisema. "Pale mwanzoni nilijisemea, Amon amepata mtu mwingine wa kumlilia. Halafu wakacheka. Na wewe ukawaongezea."

Hosiana alilia, safari hii bila ufundi wowote. "Nisamehe, mama."

"Nimekusikia. Shika mundu huo, mpunga haungoji."

Walivuna wote watatu mpaka jua likawa la utosi. Walipoketi kula, Keziya alianza kuzungumza mwenyewe, macho yake yakiwa kwenye sahani.

"Siku zile kuni zote zilikuwa zimelowa. Nilipuliza moto mpaka kifua kikauma. Amon akasema ana kiu. Nikampa maji ya mtoni, kikombe kimoja tu, nikisema ya kesho nitayachemsha. Watu wanadhani nilikuwa mvivu." Aliisogeza sahani pembeni. "Yale maneno niliyomwita nayo niachieni, ni yangu na mwanangu. Lakini habari ya kuni isemeni. Wenye kuni mbichi ni wengi."

Jumatatu Hosiana alimweleza Mwalimu Gwamaka kila kitu, pamoja na uongo wa koo. "Asali yangu nayo imekwenda bure," mwalimu alisema, lakini hakucheka. Waliifuta sehemu ya kilio na kuitunga upya. Likizo ilipoanza, Hosiana alikwenda Talatala siku nne mfululizo kumsaidia Keziya kuvuna na kupura mpunga. Katika siku hizo alijifunza jinsi mikono ya mtu aliyechoka inavyoshika kikombe.

Mwezi wa saba waliigiza Matema, ufukweni mwa ziwa. Bi Naomi aliketi chini pamoja na wanawake wa kijiji. Keziya naye alikuja, amefuatana na Stella.

Hosiana aliingia akiwa na kuni. Alipuliza moto usiowaka. Alipuliza tena. Mtoto aliposema ana kiu, aliutazama moto, akakitazama kikombe, na akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko walivyofanya mazoezi. Hakumkumbuka Bi Naomi, wala Mbeya. Alikuwa na mama yule aliyemwigiza tu, na alimpenda. Ile furaha aliyodhani imekufa ilimrudia, safari hii ikiwa nzito na yenye utulivu. Kisha akampa mtoto maji.

Hakuna aliyecheka. Igizo lilipokwisha hakuna aliyepiga makofi pia.

"Tumeharibu," Ipyana alinong'ona.

Kama ilivyokuwa desturi yao baada ya kila igizo, Mwalimu Gwamaka aliuliza kama kuna mwenye swali. Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto alisema, "Sasa mwalimu, kuni zikilowa kweli, mtu afanyeje?"

Mwalimu alitaka kujibu, lakini Keziya alimtangulia.

"Zangu zililowa," alisema, akiwa ameketi pale pale. "Mwanangu alikuwa anaitwa Amon. Kwa jirani moto ulikuwa unawaka, nikaona haya kwenda kuomba, kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Nendeni mkaombe. Hata kama mmegombana, nendeni. Na dawa ya kutia kwenye maji iulizieni zahanati kabla mvua hazijaanza."

Wanawake walisogea karibu naye, mmoja baada ya mwingine, wakimpa pole.

Bi Naomi alimwita Hosiana na mwalimu wake pembeni. "Mwalimu wako amenieleza mambo yako yote, hata ya koo," alisema. "Nitakuchukua. Lakini nisikilize vizuri. Kipaji cha kuiga watu ulizaliwa nacho, wala sikuchukui kwa ajili hiyo. Nakuchukua kwa sababu ulimkosea mtu, ukaenda kumwambia uso kwa uso, ukafanya naye kazi. Sisi tunafanya kazi na maisha ya watu, Hosiana. Ukidanganya nyumbani na shuleni, jukwaani utadanganya tu, na watazamaji watajua. Uwe mkweli kwanza, na ufanye kazi kwa bidii. Mengine tutakufundisha."

"Ndaga fijo, mama," Hosiana alisema, maana shukrani ile ilimjia kwa Kinyakyusa.

Kisha akaenda kuketi na wanawake. Keziya alikuwa bado anazungumza, na sasa hakuwa akieleza jinsi Amon alivyokufa. Alikuwa akiwaeleza jinsi mtoto yule alivyokuwa mkorofi wa kukimbia kuoga.