Valvu Iliyowaka Bila Joto

Jicho-tambuzi liliizunguka redio mara moja, likamulika valvu zake za kioo, kisha likatangaza: "Valvu tano. Zote za asili."

Mhandisi Nasiwa Mshana hakutosheka. Mashine hiyo, fahari ya karakana za Morogoro mpya, ilitambua vitu kwa umbo na maandishi. Umbo na maandishi huigwa.

"Nikuletee chai, mama? Kazi itachukua muda."

"Sitaki chai." Bi Mwasiti, mwenye redio, alisogeza kiti karibu na meza, macho yake yakiwa kwenye vidole vya Nasiwa. "Nyie mafundi nawajua. Mtu akigeuka tu, kipuri kimehama."

"Mimi ni mhandisi."

"Haya, fundi mhandisi. Endelea."

Kila jioni kampuni ya mgodi wa Mwezini ilirusha salamu za wachimbaji kwa familia zao, na Bi Mwasiti alizisikiliza kwenye redio hiyo ya marehemu babu yake. Nasiwa aliiwasha. Sauti mbili zilipita, kisha ya kijana, tulivu: "Mimi Hemedi namsalimu mama yangu, Bi Mwasiti, na mjomba Kirobo. Niko salama."

"Ndiye mwanao?"

"Sauti ni yake."

Nasiwa alisogeza kiganja karibu na kila valvu. Ya mwisho, inayosukuma spika, ndiyo hupaswa kuwa na joto kuliko zote. Iliwaka rangi ya chungwa kama nyingine, lakini ilikuwa baridi. Alizima umeme, akaichomoa, akasugua maandishi yake. Maandishi ya valvu za kale hufutika upesi, haya yalibaki. Doa la fedha kileleni, ambalo hunyonya hewa iliyosalia ndani ya kioo, lilikuwa rangi ya kupakwa tu. Kwenye kitako alikuta taa ndogo na kibonge cheusi cha kuhifadhi sauti.

"Hii si valvu, mama. Ni kisemeo. Kinakatiza matangazo na kuingiza maneno yake. Nani mwingine aliigusa redio hii?"

"Roboti wa kampuni. Alikuja Mei kuisafisha bure. Eti huduma kwa wazazi. Nikaenda jikoni kumpikia chai."

"Roboti?"

"Mgeni ni mgeni!"

"Na nini kilikufanya ushuku?"

"Kirobo tulimzika Machi. Hemedi nilimpa habari mwenyewe, akalia hadi simu ikakatika, na tangu hapo hapatikani kwa simu. Sasa anamsalimu kila jioni?"

Nasiwa alichomeka valvu halisi kutoka kabatini, wakasubiri ipate moto. Kabla ya kufunga matangazo, kampuni huzirudia salamu zote tangu mwanzo. Sauti za wachimbaji zilipita moja moja, hadi ya mwisho. Ya Hemedi haikuwamo.

Nasiwa alinyoosha mkono azime.

"Iache." Bi Mwasiti alikifunga kisemeo kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo. "Ofisi yao wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Basi kapike hiyo chai, mwanangu. Redio naiangalia mimi."