Kompyuta ya Wati Thelathini

Jumapili mchana, Dafrosa alirudi kutoka zamu ya asubuhi. Yeye ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikung'uta theluji kwenye viatu, akaviacha mlangoni. Jikoni, mumewe Felician alikuwa anakaanga samaki. Binti yao Pamela, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amekaa mezani. Familia hii inaishi Frogtown, mjini Saint Paul, Marekani.

Juu ya meza palikuwa na kitu kipya. Kilikuwa kompyuta kubwa nyeusi. Ubavu wake mmoja ulikuwa wa kioo, na ndani yake ziliwaka taa nyekundu na za bluu.

"Hiki nini?" Dafrosa aliuliza.

"Kompyuta ya Ernestine," Felician alijibu.

"Nilidhani ni disko."

Ernestine ni mdogo wake Felician. Ana duka la steshenari kijijini, wilaya ya Karagwe, Tanzania. Anachapa barua na mitihani ya shule za msingi. Umeme wa kijijini hukatika mara kwa mara. Kwa hiyo duka lina sola, betri moja, na inveta ya wati mia tatu. Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vyombo vya kawaida.

Mwaka jana kompyuta yake ya zamani ilikufa katikati ya kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Shule tatu zilichelewa. Walimu wakuu walimwambia wazi: "Ukichelewa tena mwaka huu, kazi tunapeleka mjini." Bila kazi ya shule hizo, duka haliwezi kuendelea.

Mitihani ya mwaka huu ni mwezi wa tano. Sasa ni Januari. Godlisten, rafiki yao wa mji jirani wa Blaine, anafunga kontena la mizigo ya Tanzania Jumamosi. Kontena jingine litaondoka Aprili, na hilo litachelewa.

"Nimeinunua imetumika kidogo," Felician alisema. "Dukani wanakubali kurudishiwa ndani ya siku saba. Lakini hii hairudi. Hii ni mashine."

"Friza nayo ilikuwa mashine," Dafrosa alisema.

Felician aligeuza samaki. Miaka minne iliyopita alimtumia Ernestine friza kubwa. Ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Friza ile haikuwahi kugandisha hata kikombe cha maji.

"Mzigo ukitoka Marekani, watu wanataka kuona kitu," alisema baadaye. "Nikituma kiboksi kidogo, watasema nimekuwa bahili."

"Kompyuta unamtumia mdogo wako, au unawatumia majirani zake?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa. Alikuwa Nkirote, jirani yao wa ghorofa ya juu, Mkenya kutoka Meru. Alikuwa anarudisha sufuria. Nkirote anatengeneza kompyuta katika chuo kimoja cha Minneapolis.

"Baba Pamela, mmefungua klabu na hamjanialika?" alisema, akiangalia zile taa.

Felician alimweleza habari yote: duka, mitihani, kontena. Nkirote alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza swali moja.

"Hiyo inveta ya Ernestine inabeba wati ngapi?"

"Mia tatu."

"Na hii kompyuta inakula wati ngapi?"

Felician aliigeuza kompyuta kutafuta lebo.

"Sijui," alisema.

"Basi tusibishane. Tupime."

Nkirote alipanda kwake, akarudi na kipima umeme, kifaa kidogo chenye kioo cha namba. Alikichomeka ukutani, kisha akachomeka kompyuta kwenye kifaa hicho. Kompyuta ikawaka. Namba zikapanda na kushuka, zikatulia kwenye tisini.

"Hapo haifanyi kitu. Imekaa tu," Nkirote alisema. "Pamela, fungua mchezo wowote mzito."

Pamela hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mchezo ulipoanza, namba ilipanda hadi mia mbili na tisini.

"Ernestine hachezi michezo," Felician alisema.

"Sawa. Basi hii mashine ya michezo unamtumia nani?"

Dafrosa alicheka, akaenda kumimina chai.

Nkirote alionyesha kidole kwenye kioo cha ubavuni. "Ona hiki kipande kirefu chenye feni mbili. Ni kadi ya picha. Kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye monita. Ni nzuri kwa michezo mizito na kwa watu wanaotengeneza filamu. Lakini inakula umeme hata ikiwa haina kazi kubwa."

"Bila hiyo, monita itaonyeshaje?"

"Kuna prosesa zenye uwezo wa kuchora picha ndani yake. Prosesa ni sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ukichagua ya aina hiyo, huhitaji kadi. Kwa barua, mitihani na picha za kawaida, inatosha kabisa."

Alichukua kalamu na bahasha ya barua, akaandika. Betri ya Ernestine, ikitumiwa bila kuharibiwa, na kinachopotea kwenye inveta kikitolewa, inaweza kutoa kama wati mia moja kwa saa tano. Kompyuta hii tisini, monita ishirini, printa kumi na tano. Jumla mia moja ishirini na tano.

"Siku ya mawingu, sola ikiwa haichaji, atafanya kazi muda wa saa nne tu," alisema. "Kompyuta ndogo itakula wati kama thelathini. Weka monita na printa, inakuwa sitini na tano. Hapo anapata karibu saa nane."

Felician alisoma bahasha mara mbili. Hakupata kosa.

"Ile friza sikuuliza volti," alisema taratibu.

"Leo umeulizwa wati," Dafrosa alisema. "Kunywa chai."

Pamela alisema kwa Kiingereza kwamba kama haiendi Tanzania, inaweza kubaki chumbani kwake.

Jumanne jioni, Felician na Nkirote waliirudisha kompyuta ile dukani. Kisha walienda kwenye rafu ya prosesa, kuchagua vipande vya kuunganisha kompyuta ndogo. Felician aliona maboksi mawili yanayofanana. Moja lilikuwa na bei ndogo kidogo. Akalichukua.

"Soma maelezo kwanza," Nkirote alisema.

Felician alisoma. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, yalisema kompyuta yenye prosesa hiyo inahitaji kadi ya picha.

"Ungeifunga hiyo, feni zingezunguka na taa zingewaka," Nkirote alisema. "Monita ingebaki nyeusi tii. Hayo maboksi ni ndugu, lakini mmoja haoni."

Felician alirudisha boksi. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, penye prosesa ya bei kubwa kuliko zote.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Ina nguvu zaidi."

"Nguvu za kuchapa mtihani wa hisabati? Chukua hii ya chini. Ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi pamoja. Ina picha ndani. Pesa itakayobaki, nunua diski ya kasi na RAM ya kutosha. RAM ni mahali kompyuta inapoweka kazi inayoendelea. Na usichukue kijiti kimoja kikubwa cha RAM. Chukua viwili vidogo vinavyolingana."

"Kwa nini viwili, kama ujazo ni uleule?"

"Prosesa ya namna hii haina RAM yake ya picha. Inaazima ile ya kompyuta. Kijiti kimoja ni njia moja. Viwili ni njia mbili. Picha zinapita haraka."

Mwisho, Nkirote alisoma lebo ya kifaa cha kuingiza umeme, na lebo ya monita. Zote zilisema volti 100 hadi 240. Safari hii Felician alizisoma pia, kwa sauti.

Alhamisi waliiunganisha mezani. Kompyuta ilikuwa ndogo kuliko boksi la viatu. Felician alifungua mtihani wa mwaka jana aliotumiwa na Ernestine, kurasa arobaini zenye ramani na michoro. Ulifunguka mara moja. Alitazama kipima umeme. Thelathini. Kurasa zilipokuwa zinapita upesi, ilipanda hadi arobaini na mbili, ikashuka tena.

Jumamosi aliipeleka Blaine. Godlisten aliipokea kwa mkono mmoja.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu," Felician alisema.

Katikati ya mwezi wa tano, Ernestine alipiga simu. Huko Karagwe mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya tatu.

"Kaka, umeme ulikatika alfajiri," alisema. "Jua halijatoka kabisa. Nimechapa toka asubuhi hadi jioni, mitihani ya shule zote tatu. Inveta haikupiga kengele ya betri kwisha hata mara moja. Walimu wamechukua bahasha zao saa kumi na moja. Wamesema na mitihani ya muhula ujao niiandae mimi."

"Na watu wamesemaje kuhusu kompyuta?"

"Wameuliza iko wapi. Hawaioni. Subiri, nakutumia picha."

Picha ilifika. Dafrosa na Pamela waliinamia simu. Kompyuta ndogo, monita na printa vilikuwa vimepangwa vizuri juu ya kitu kirefu cheupe, kilichofunikwa kitambaa.

"Hiyo meza nzuri," Felician alisema. "Umenunua wapi?"

"Siyo meza, kaka. Ni friza yako. Karatasi naziweka ndani. Panya hawaingii."