Dawa ya Kaka Yake

Kila asubuhi mume wangu Elimringi alikata majani ya ng'ombe kwanza, kisha akaja kunywa chai. Ndivyo siku zetu zilivyoanza pale Masama, mwaka 1972. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye njaa ya haraka na hasira ya haraka. Hata siku za baridi alitoka jasho.

Kaka yake Aminieli, tuliyepakana naye, alikuwa mnene na mpole. Kila msimu wa baridi kifua chake kilijaa makohozi. Mwaka ule alipata dawa mjini Moshi, kwenye duka la viungo la Mama Kokila. Ilikuwa unga wa tangawizi na pilipili manga, wa kuchemsha na kunywa. Kifua kikafunguka.

Wakati huohuo tumbo la Elimringi lilikuwa likimchoma. Akaomba unga ule, na Aminieli akampa kopo zima. Nilimwuliza mume wangu kama dawa ya kifua inafaa tumbo. Alijibu kwamba wao wamenyonya ziwa moja, hivyo dawa yao ni moja. Kaka yake alitumia kijiko kimoja. Yeye akatumia viwili.

Baada ya wiki tatu alikuwa akitapika hata mtori, supu laini ya ndizi. Akakonda. Akaanza kusema kwamba Aminieli amempa sumu ili achukue kihamba chetu, yaani shamba la ukoo tulimojenga nyumba. Wakaacha kusalimiana.

Jumapili moja hakwenda kanisani. Alinishika mkono, akanizungusha mpakani. Alinionyesha masale, mimea ya majani marefu tunayopanda kuonyesha mipaka.

"Yahesabu, Mama Eliufoo," alisema. "Nikiondoka, asikusogezee hata moja."

Nilihesabu. Yalikuwa arobaini na moja. Kesho yake nililifunga kopo lile kwenye kanga, nikampandisha mume wangu basi la Moshi.

Mama Kokila alikuwa mama wa Kihindi, aliyejifunza dawa za kwao kwa baba yake. Niliweka kopo mezani, nikamwuliza kama ni sumu. Alinusa, akaonja, akasema ni unga wake mwenyewe. Kisha akamtazama Elimringi, macho yake mekundu na jasho la usoni.

"Bwana, viatu vya kaka yako unavivaa?"

"Vinanipwaya."

"Na dawa yake je?"

Elimringi alilisukuma kopo mbali naye.

Mama Kokila alitukalisha, akatueleza. Wazee wa kwao walifundisha kwamba kila mwili una vitu vitano: udongo, maji, moto, upepo, na nafasi iliyo wazi. Sote tunavyo, ila si kwa kiasi kimoja. Wako watu wa upepo, wakavu, wasiotulia. Wako watu wa moto. Wako watu wa maji na udongo, wazito na wapole, kama Aminieli. Unga ule ulimpasha joto.

"Wewe jiko lako linawaka tayari," alimwambia Elimringi. "Ukaongeza kuni. Lakini hayo ni mafundisho ya kwetu. Tumbo linalotapika chakula lazima daktari alione. Nendeni leo."

Tulikwenda hospitali mchana uleule. Walimpima, wakampiga picha. Daktari alisema hakuna uvimbe, ila tumbo limechubuka ndani. Alimpa vidonge, akamkataza pilipili, tangawizi na mbege, pombe yetu ya ndizi. Asikae na njaa, ale kidogo kidogo. Nilikaa kwenye benchi, nikacheka peke yangu.

Nilimpikia ndizi laini na uji usio na viungo. Mama Kokila alishauri pia matango. Tumbo likaacha kumchoma, mwili ukarudi. Hasira haikuisha, nisiwadanganye. Nilimpikia hivyo miaka kumi na mmoja tuliyoongezewa.

Siku ya kwanza alipomaliza bakuli zima la mtori, alichukua panga, akatoka. Alikata jani moja la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akavuka kwenda kwa kaka yake. Kwetu, anayekuletea jani hilo anaomba msamaha, na ukilipokea umemsamehe. Nilimfuata kwa nyuma.

Aminieli alilipokea. Akakohoa.

"Ule unga," alisema, "umenibakizia? Kifua kimeanza tena."