Ndara za Chooni Mbele ya Mababu

"Leo hii aondoke, na hatupokei tena mtu wa nje," Bibi Sumie alisema. Alikuwa ameziweka ndara za chooni juu ya gazeti, katikati ya sakafu ya jikoni, ili kila mtu azione.

Mama aliendelea kukata figili za supu ya asubuhi. Kisu kilikuwa kinagonga ubao kwa nguvu isiyohitajika. Alijibu kwamba hakuna aliyemwona mgeni akifanya jambo hilo. Bibi akauliza ni nani mwingine basi, maana hata mtoto mdogo wa Kijapani anajua kuwa ndara za chooni hazivuki mlango wa choo. Na hizi alizikuta wapi? Juu ya mikeka ya chumba cha ibada, mbele kabisa ya kabati la mababu.

Minori, binti wa miaka kumi na mmoja, aliinamia bakuli lake la wali. Aliendelea kutafuna.

Nyumba yao ilikuwa ya kulaza wageni, kando ya njia ya kale inayopita katika bonde la Kiso. Wiki hiyo mgeni alikuwa mmoja tu, Aino, mwalimu kutoka Ufini aliyekuja kutembea milimani. Bibi alikuwa na yake ya kusema juu ya watu wa nje: wana kelele, hawajisafishi kabla ya kuingia kwenye beseni la maji moto, hawajui kula kwa vijiti. Aino alipofika, Bibi alimwekea uma bila kumwuliza. Akamtazama akila samaki kwa vijiti mpaka ikabaki mifupa mitupu. Siku iliyofuata akamwekea uma tena.

"Na viatu je, Mama?" Mama alimwuliza Bibi, mama mkwe wake. "Alivivua mlangoni kabla hatujamkaribisha. Kwao pia hawaingii navyo ndani."

"Viatu ni viatu. Hizi ni za chooni. Watu wa nje hawana hiyo akili."

Sauti zao zilimleta Aino jikoni. Aliziona ndara, akauona na uso wa Bibi. Hakuelewa kitu, lakini aliinama na kusema neno moja la kuomba radhi alilokuwa amejifunza. Akalirudia.

"Umesikia?" Bibi alisema. "Amekiri."

"Ameomba radhi kwa sababu umemkazia macho. Hata mimi ningeomba."

Mama alimweleza mgeni kwa Kiingereza chake cha chuoni. Aino akawa mwekundu mpaka masikioni. Alitikisa kichwa, akasema maneno machache, akapanda ghorofani. Mama alitafsiri kwa hasira: mgeni hajazivaa ndara hizo mahali pasipostahili, na hatalala tena katika nyumba anamoonekana mchafu. Anafungasha.

"Vizuri," Bibi alisema. Kisha akamgeukia mjukuu wake. Minori ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni, na karatasi yake iliyopata tuzo ilitundikwa ukumbini. "Lete brashi na wino. Andika herufi kubwa zisomeke kutoka barabarani: Watu wa nje hawapokelewi."

Minori alisugua kipande cha wino mkavu kwenye jiwe lenye maji, polepole kuliko siku zote. Kila asubuhi kazi yake ilikuwa kuwapelekea mababu wali wa kwanza, ukiwa bado unatoa mvuke. Asubuhi hii alikuwa chooni Bibi alipopaza sauti kwamba wali unapoa. Alitoka mbio, akachukua kibakuli, akakiweka kabatini, akagonga kengele ndogo. Ndipo alipotazama miguu yake. Hofu ilimpanda. Alizivua ndara pale pale akakimbia pekupeku, akijiambia atarudi kuziondoa. Bibi alimtangulia.

Aliandika "Watu wa nje." Herufi zilitoka nzuri, na uzuri wake ulimkasirisha. Brashi ilisimama. Tone la wino likaangukia karatasi.

"Ni mimi," alisema.

"Usimkingie kifua mgeni," Bibi alisema.

"Ni mimi, Bibi. Ulisema wali unapoa, nikatoka chooni mbio."

Kisu cha Mama kilinyamaza. Bibi alimtazama mjukuu wake kama hamjui, kisha akamwuliza kwa nini alikaa kimya muda wote ule.

"Kwa sababu ulishasema ni yeye."

Mama alifuta mikono kwenye aproni. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Minori, mikeka inafutika. Kilichonikera ni wewe kukaa hapo unakula huku mtu anatukanwa kwa kosa lako. Na wewe, Mama, umemrahisishia. Hukumwuliza yeyote kati yetu. Uliona uchafu, ukatafuta sura ngeni, badala ya kumtafuta aliyefanya. Ndiyo maana uongo umepata pa kukaa humu ndani. Sasa nendeni mlangoni, nyote wawili. Mimi sitatafsiri."

Aino alikuwa ameshateremka na mkoba mgongoni. Buti zake zilikuwa zimegeuzwa kuelekea nje, kama Bibi alivyomfanyia kila mgeni anayeondoka. Minori alizileta ndara, akazivaa hapo hapo ukumbini, akagusa pua yake mwenyewe kwa kidole, ishara yao ya kusema "mimi", kisha akanyoosha mkono kwenye mikeka ya chumba cha ibada. Akazivua, akapiga magoti, akainama hadi paji la uso likagusa mbao.

Bibi alisimama nyuma yake na ile karatasi mkononi. Aliichana vipande viwili, akaisokomeza mfukoni. Kisha naye akapiga magoti kwa shida, akainama, na hakuinuka haraka.

Aino aliwatazama kwa muda mrefu. Mwishowe akautua mkoba.

Bibi aliinuka, uso bado umekunjamana. Alizichukua zile buti, akazirudisha kwenye rafu, akafunga kabati la viatu.

"Tomoe," alimwita Mama, "mwambie supu iko tayari. Na uma ule uondoe mezani."