Olina Aliyefutwa

Kila Borghild alipofungua daftari la ukoo, jikoni kulinuka nywele mbichi za mtoto, kama ndio kwanza katolewa kwenye beseni. Alichemsha kahawa, akachoma mdalasini, akafungua madirisha yote, baridi ya Dakota ikamtandika. Harufu haikubanduka. Akamfukuza mbwa nje, masikini, bila kosa.

Miaka tisa mama huyu alikuwa akimfuatilia babu wa babu yake, Halvor Brekke, aliyeingia nyika hii na gari la ng'ombe na kujenga nyumba ya mabonge ya udongo na nyasi. Alipekua vitabu vya kanisa, hati za ardhi, barua. Kwenye orodha ya ubatizo akawakuta Olina wawili, mabinti wa Halvor, baba mmoja, mama mmoja. Akaona karani karudia, akamfuta mmoja daftarini mwake kwa wino mwekundu. Olina aliyebaki ndiye bibi yao wa zamani, na Tilda, binti wa Borghild mwenye mimba ya miezi minane, alishatangaza kwamba mtoto atachukua jina hilo.

Jumapili mchana, wakinywa supu, kitu kilitambaa chini ya meza.

"Mama, toa mguu wako."

"Miguu yangu nimeikunja kitini. Kuna nini?"

Kiganja kidogo cha baridi kilimpapasa Tilda goti, kikapanda pajani taratibu, kikafika tumboni, kikatulia hapo, kisha kikaanza kugonga, polepole, kama mtu anayebisha hodi na kujua kwamba ndani kuna watu.

"Mama," alinong'ona, "kinamgonga mtoto wangu."

Wakamwita mzee Arvid, anayetafuta makaburi yaliyopotea kwa nyaya mbili zilizokunjwa. Akipita juu ya mfu, zinapishana. Alitazama ule wino mwekundu daftarini, akasonya.

"Nyie wa siku hizi bwana! Zamani mtoto akifa, anayefuata hupewa jina lake. Karani hakukosea. Umefuta mtoto wa watu, Borghild."

"Mungu wangu! Kwa mkono wangu mwenyewe!"

Walikwenda shambani, pale ilipokuwa nyumba ya Halvor. Mzee alipita kwenye majani makavu, harufu ya nywele mbichi ikiwafuata nyuma, ikizidi kila hatua, hata Tilda akawa anapumua kwa mdomo na kulishika tumbo kwa mikono yote miwili, mpaka nyaya zilipopishana juu ya kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa mkono.

Tilda akapiga magoti. "Olina, jina lako hili hapa, chukua. Wangu nitampa jingine. Niachie mtoto wangu, nakuomba."

Harufu ikakatika. Borghild akaangua kilio cha furaha.

"Haya, yamekwisha," alisema Arvid. "Twendeni tukanywe kahawa."

Akageuka, nyaya bado mikononi, akapita mbele ya Tilda. Zikapishana.

Akarudi nyuma, zikaachana. Akasogea tena, zikapishana, zimeelekea tumboni.

"Babu, mtoto wangu mzima? Niambie!"

Mzee alizikaza nyaya mikononi. Tilda akaunyakua mkono wa mama yake, akaubandika tumboni. Teke likaja, zito.

"Umesikia? Anacheza! Mwanangu yuko hai!"

Alicheka huku machozi yakimtiririka. Alicheka peke yake, kwa sababu wale wawili walikuwa wanaziangalia nyaya, na nyaya hazikuachana.