Kisima na Kisimani

Kila Jumamosi asubuhi, binti wa fundi majokofu alimsaidia mama yake kupakia vifaa garini: mtungi wa gesi, sanduku la spana na koili za nyaya. Nyumbani walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua likizo.

Jumamosi hiyo simu ililia kabla hawajamaliza. Muuguzi wa zahanati moja alikuwa na wasiwasi mkubwa. Jokofu lao la chanjo lilikuwa limezima tangu alfajiri. Chanjo walikuwa wamezihamishia kwenye sanduku la barafu, lakini barafu hiyo isingevuka saa nane mchana.

"Twende Zahanati ya Kisimani," Mama alisema akiwasha gari. "Sijawahi kufika huko. Niandikie kwenye kifaa cha ramani."

"Hiyo kazi ndogo, Mama. Mimi na hiki kifaa ni chanda na pete!"

Kasuku akaanza kuandika. Kabla hajamaliza jina, kioo kikamletea "Zahanati ya Kisima." Akabonyeza papo hapo. Sauti ya kifaa ikasema, "Endelea moja kwa moja," nao wakaenda.

Baada ya nusu saa ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama, na Kasuku akausoma. "Fundi, tupo nyuma ya kiwanda cha matofali." Akatazama ramani. Safari yao ilikuwa inaishia karibu na uwanja wa mpira! Hapo ndipo alipoona kosa lake. Kisima hakikuwa Kisimani. Herufi mbili tu zilikuwa zimewapeleka upande mwingine wa mji.

Angeweza kunyamaza, kisha asingizie kifaa. Nani angejua?

"Mbona kimya?" Mama akatania. "Leo mvua itanyesha."

Kasuku aliwaza watoto wachanga ambao chanjo zao zingeharibika, akaona aibu yake ni ndogo.

"Mama, simama. Nimekosea. Nilibonyeza Kisima badala ya Kisimani. Kifaa hakina kosa, kosa ni langu."

Mama alisimamisha gari kando ya barabara. Alitazama saa, akashusha pumzi.

"Andika tena, mpaka herufi ya mwisho. Kisha mpigie muuguzi uhakikishe ndipo."

Walifika saa tano. Mama alifungua jokofu, akakuta kipuri kimoja kimeungua, akakibadilisha. Saa saba na nusu kipimajoto kilikuwa kimeshuka hadi panapotakiwa, na muuguzi akarudisha chanjo zote salama. Ndani ya sanduku barafu ilikuwa karibu yote imegeuka maji.

"Asanteni jamani!" muuguzi alisema, akiwashika mikono wote wawili. "Jumatatu nina watoto arobaini hapa."

"Usinishukuru mimi, nesi," Kasuku alisema akiinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyewachelewesha."

"Mshukuru tu," Mama akadakia. "Angenyamaza, hadi sasa tungekuwa tunatafuta kiwanda cha matofali uwanjani." Muuguzi akacheka.

Walipokuwa wakirudisha spana garini, Mama alimshika bega.

"Kifaa hukupeleka ulikokiambia, hakijui unakotaka. Kwa hiyo soma jina lote kabla ya kubonyeza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyofanya leo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na sisi tusingefika kwa kuifuata. Asante kwa kunisimamisha."