Kibati cha Kima

Asubuhi ile haikuwa na neno. Daktari wa Majani alikunywa chai yake amesimama, kama kawaida yake. Mama yake alikuwa kitandani akijitia usingizi ili asiulizwe kama amemeza dawa. Akamuaga hivyohivyo, kisha akagonga mlango wa mdogo wake.

"Kima, gari litakuacha."

"Haliwezi, dada. Funguo ninazo mimi."

Ndivyo walivyokuwa, watu wazima wawili wanaotaniana kama watoto. Jina la Daktari wa Majani alipewa mtaani siku alipoletewa mtoto mwenye kikohozi, akajitetea kwamba udaktari wake ni wa mimea, si wa watu. "Basi mpe hayo majani," mama wa mtoto akasema, na jina likaganda. Mdogo wake aliitwa Kima kwa sababu moja tu: hakuna mti uliomshinda.

Kazi yao ilikuwa msituni, kwenye ploti ya utafiti, kipande cha msitu kilichowekewa mipaka. Kila mti mnene wa kutosha ulipigiliwa kibati chenye namba, na usawa wa kifua ukachorwa mstari wa njano. Baada ya miaka kadhaa watu wa kituo hurudi kuipima yote upya. Mmoja huita namba, mwenye utepe wa kupimia hujibu "Hai" na kutaja kipimo, au hujibu "Umekufa." Ukishajibiwa hivyo, kibati hung'olewa na kutiwa kwenye kopo moja kubwa kituoni.

"Chenye kibati ni hai," Daktari aliwaambia wote walioanza kazi. "Hata kikikauka. Hata kikianguka. Mpaka mtu asimame mbele yake, aitiwe namba, aseme kimekufa. Na msumari usiuzamishe wote. Mti unanenepa, utakimeza kibati, na sisi tutakuja hapa kutoa macho."

Katikati ya ploti ulikuwapo mti mmoja usio na mwenzake. Walikuwa wameutafutia ndugu msitu mzima, hawakumpata. Wala haukuwahi kuonekana na ua wala tunda, na kwa majani peke yake hakuna mtaalamu anayethubutu kuupa mti jina. Wakauita Mgeni. Asubuhi ile Kima alikuwa anaupanda kwa mara nyingine kutazama kama umechanua.

Mzee Kamba, mshika kamba wao, alikuwa chini amejifunga vizuri. Kima akapanda akipiga mluzi, akapotea kwenye majani. Utaratibu wao ulikuwa mmoja: aliye juu, kabla hajakata tawi, huita "Kichwa!" ili wa chini wachunge vichwa vyao. Wa chini wakishajiweka sawa hujibu "Kata!" Asipojibiwa hakati.

"Kichwa!"

"Kata!" Daktari akajibu. Tawi likaanguka. Majani matupu.

Mluzi ukaendelea kidogo, kisha ukakoma katikati.

Walidhani anapumzika. Wakamwita. Mzee Kamba akavuta kamba taratibu, ikawa nyepesi mno. Ulioshuka ulikuwa mkanda wa kupandia, umefungwa vifungo vyote, umekazwa, hauna mtu ndani.

Walitafuta hadi mbwa wakachoka. Hapakupatikana tone la damu wala kiatu. Watu wa mtaani walikuja kumpa pole mama, akawarudisha mlangoni. "Pole ya nini? Mmemwona maiti? Basi mwanangu yuko kazini." Akaendelea kumwekea sahani yake mezani.

Daktari hakuwa na kaburi la kwenda kulilia. Hilo ndilo lililomtesa. Siku moja alirudi kwenye ploti, akachukua kibati kipya, akakikwaruza jina la mdogo wake kwa ncha ya msumari, akakipigilia kwenye Mgeni chini ya kile chenye namba. Alikuwa analia, nyundo ikapiga kwa hasira, msumari ukazama wote. Mzee Kamba alimwona, akageuza uso. Angesema nini kwa mtu aliyefiwa?

Hakuna kati yao aliyekumbuka siku ile chenye kibati kinahesabiwaje.

Miezi ikapita. Jua likiwa utosini, wanapima miti midogo karibu na Mgeni, Daktari akasikia sauti juu.

"Kichwa!"

Mdomo ulimtangulia. "Kata!"

Tawi likaanguka miguuni pake. Lilikuwa na maua. Meupe, mazito, yenye moyo mwekundu, maua ambayo hakuna jicho la mtafiti lililowahi kuyaona. Na lilikatwa kwa mkasi, mshazari, mkato mmoja safi. Kima alikata hivyo.

"Umemjibu nani?" Mzee Kamba akanong'ona.

"Hukusikia?"

"Nimekusikia wewe tu."

Mtu mwingine angekimbia. Daktari alifurahi. Akakaa chini akalikumbatia lile tawi kama kitoto kichanga. Mdogo wake yuko. Haonekani, lakini yuko, na bado anamfanyia kazi.

Tangu hapo alikwenda kila alipoweza. Sauti iliita, yeye akajibu, tawi likashuka. Aliyapeleka matawi chumba cha mimea mikavu, akayalaza kwenye magazeti, akayabana kwenye presi ya mbao mbili, akakaza mikanda. Kwa kawaida mmea ukikauka hunywea, na mikanda hulegea, inabidi uikaze tena. Matawi ya Mgeni hayakunywea. Kila akija kutazama alikuta mikanda imevutika, presi imetuna. Magazeti yalikuwa yamelowa chepechepe. Akabadilisha. Yakalowa tena. Aligusa maji yale kwa kidole, akalamba.

Chumvi.

Lilikuwa jasho.

Nyumbani, mama aliacha kulala. Alikaa kitandani macho yameelekea kwenye pembe ya chumba, karibu na kabati. Mwanzoni Daktari aliona ni uzee na dawa. Kisha mchana mmoja, akimlisha, mama akausukuma mkono wenye kijiko.

"Mwambie ashushe mikono."

"Nani, mama?"

"Ndugu yako. Amesimama pale tangu sijui lini. Mikono juu, hivi." Mama akainua mikono yake miwili myembamba, ikatetemeka. "Anasema imechoka. Anasema anaomba ruhusa ashushe, hapewi. Nani anamnyima?"

"Ni dawa hizo, mama. Zinaleta ndoto."

"Ndoto ni ya aliyelala. Mimi nitalalaje, mtoto wangu amesimama?"

Daktari alitazama kwenye pembe. Palikuwa na ukuta tu. Chini, sakafuni, palikuwa na jani moja bichi.

Mama akazidi kudhoofika. Chakula hakikupita, usingizi haukuja. Shavu lilibonyea, sauti ikawa ya kusikilizwa kwa kuinamia. Na neno lake lilibaki hilohilo: mwambie ashushe.

Daktari akaenda msituni peke yake. Alikuwa anajua tayari, lakini mtu huweza kujua jambo na bado akalizunguka kwa mbali. Akazungushia Mgeni utepe kwenye mstari wa njano. Kipimo kikaongezeka mbele ya macho yake. Kikapungua. Kikaongezeka. Akaacha utepe ukining'inia, akalaza kiganja kwenye gome. Mti ulikuwa unapumua.

Kibati cha namba kilikuwa mahali pake. Kile cha jina kilikuwa kimemezwa nusu, gome limekifunika pande zote.

"Kima," aliita chini kwa chini. "Mikono inauma?"

Wadudu walinyamaza. Kisha sauti ikaja, si ile ya utani, sauti ya mtu aliyebeba mzigo mchana kutwa.

"Kichwa."

Hakujibu.

"Kichwa, dada."

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kumbe muda wote ule hakuwa anatumiwa zawadi. Alikuwa anaombwa. Kima alijikata tawi kwa tawi, apate kushuka, na yeye kila mara alijibu "Kata" badala ya neno la kumwachia, akaokota maua, akaenda nayo akicheka.

"Kichwa," sauti ikasema tena, na safari hii ilikuwa inalia.

Daktari alilia naye. Alijua anachotakiwa kusema, na alijua akishakisema hataisikia sauti ile tena maisha yake yote.

Kesho yake alikuja na Mzee Kamba, na nyundo ya kung'olea misumari.

"Ita wewe," Daktari alisema, "nami nijibu."

Mzee Kamba alivua kofia. "Siwezi, mwanangu. Kamba yake niliishika mimi. Nikimwita, nitamwambia nini akiniuliza?"

Basi akaita mwenyewe. Alisimama mbele ya mti, kifua chake usawa wa mstari.

"Kima."

Juu, majani yakatulia, kama mtu aliyesikia jina lake akageuza shingo.

"Amekufa," Daktari akasema. Sauti ikakatika. Akasema tena, ili isije ikawa haikufika. "Mdogo wangu amekufa. Shusha mikono."

Majani yakaanza kudondoka. Mabichi, yote, kwa pamoja, bila upepo na bila kishindo. Matawi yakainama polepole, mpaka ncha zake zikagusa ardhi pande zote mbili. Kitu kizito kikaporomoka kikachoma udongo karibu na kiatu cha Mzee Kamba. Ulikuwa mkasi wa Kima. Mpini ulikuwa na joto.

Mwitikio mwingine haukuja. Walisubiri hadi jua likahama.

Msumari ulitoka kwa shida, na kibati cha jina kikatoka na kipande cha gome, chekundu upande wa ndani. Mzee Kamba alikitazama, akasema kiende kwenye kopo leo leo. Daktari akaitikia kwa kichwa.

Mama alipoletewa mkasi aliupokea kwa mikono miwili, akaubusu, akawaruhusu watu waje. Waliuzika kwenye sanduku dogo, wakalia kilio kilichokuwa kimecheleweshwa. Kisha mama akajilaza, akalala. Alilala mchana ule na usiku wake, na alipoamka akaomba chai, akalalamika kwamba sukari ni kidogo. Daktari alikwenda kulia jikoni kwa shukrani.

Maua hayakupelekwa kwa mtaalamu yeyote. Yalikuwa yamekauka kwenye presi, yakawa vumbi yalipoguswa. Mgeni mwenyewe ulikauka umesimama. Umekufa bila jina.

Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa kimoja. Siku ile Daktari alisimama mbele ya kopo kituoni, kibati mkononi, akakitazama mwandiko wake uliopinda. Ndani ya kopo vilikuwamo vibati vya miti isiyohesabika. Angemtupaje humo, mtoto aliyembeba mgongoni? Akakitoboa, akakitia uzi wa katani, akakivaa shingoni ndani ya blauzi. Kifuani. Hakumwambia mtu.

Jumapili moja, baada ya chakula, alijinyoosha kwenye kiti kirefu cha sebuleni, usingizi ukamchukua. Alipofumbua macho mama alikuwa amekaa kando yake, anamtazama kwa namna asiyoipenda.

"Ndugu yako simwoni tena," mama alisema. "Amepumzika."

"Alhamdulillahi, mama."

"Lakini wewe, mwanangu." Mama akaishika mikono yake, mmoja mmoja, akaishusha taratibu, akailaza mapajani. "Mbona siku hizi unalala umeinyoosha juu?"

Daktari alitaka kucheka. Mabega yalikuwa yanamuuma, maumivu ya mtu aliyebeba mzigo mchana kutwa. Akapeleka kidole shingoni kuutafuta uzi. Uzi ulikuwapo, umelegea. Ncha yake ilikatwa mshazari, mkato mmoja safi.

Alitafuta kwenye blauzi. Alitafuta kwenye kiti, chini ya mkeka, kwenye mikunjo ya kanga. Kibati hakikuwapo.

"Umepoteza nini?" mama akauliza.

Kiganja chake kilikuwa kimesimama kifuani, juu kidogo ya moyo. Chini ya ngozi, pasipo kidonda wala kovu, palikuwa na kitu kigumu, bapa, chenye pembe nne.